Mbao Nilizomnyooshea Mwalimu

Daftari langu ni lile la hesabu, la viboksi. Sikulichagua kwa kupenda hesabu, maana mimi na hesabu tuliachana darasa la nane na hakuna aliyemlilia mwenzake. Ni kwa sababu ya kazi. Mteja akitaka bango, naandika maneno yake kwenye viboksi kwanza, boksi moja ni inchi moja ya ukuta, ndio nijue herufi zitaenea. Chini ya ukurasa pakibaki nafasi, naandika siku ilivyokwenda. Mke wangu anasema ninamwandika yeye. Ni kweli, kidogo.

Naandika jioni hiyo hiyo kwa sababu najijua. Nikikumbuka jambo baada ya wiki mbili, najikuta nilikuwa mwerevu ndani yake. Hii habari ya Mwalimu nimeitoa kwenye daftari, na pale ambapo daftari halisemi nitasema halisemi.

Siku aliyokuja nilikuwa naandika KINYOZI kwenye ukuta wa kinyozi mmoja huku mtaani Yamumbi. Hilo ni neno la heri kwa fundi. Lina herufi saba, ya katikati ni Y, na kila upande una herufi mbili nene na moja nyembamba, kwa hiyo linakaa sawa kama mzigo wa punda. Nilikuwa nimeshaandika Y peke yake katikati ya ukuta mweupe. Mama mmoja amesimama nyuma yangu na mkoba wa vitabu. Nikadhani anatafuta kinyozi amnyoe mtoto, nikamwambia mwenyewe yuko nyuma anachota maji. Akasema hapana, anaangalia kazi.

"Mbona unaanza na Y?" akauliza.

Nikamweleza. Anayeanza na herufi ya kwanza hujaza mapema, akifika mwisho nafasi imeisha, anaanza kubana. Sisi tunaanza katikati, halafu tunatoka nje pande zote mbili. I inahesabiwa nusu, M na W moja na nusu. Fundi aliyenifunza alikuwa ananipiga kwenye vidole na mpini wa brashi kila nikianza mwanzo. Alikuwa akisema, anayeanza na mwanzo atamalizia kwenye ukuta wa jirani.

Mama huyo akatoa kalamu akaandika hayo maneno. Hakuna mtu aliyewahi kuandika kitu nilichosema, na nikaanza kuongea polepole, kwa maringo, mpaka mwenye kinyozi alipotoka na ndoo akaniuliza kama ninahutubia.

Kumbe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo karibu, na likizo na Jumamosi alikuwa anasoma chuo kikuu, digrii ya pili. Somo lake ni kufundisha sanaa, pamoja na usanifu wa michoro. Alipoona uso wangu umekwama hapo kwa usanifu, akasema ni kupanga maandishi na picha mpaka mtu asome bila kusumbuka. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema, "Ndio maana nimesimama hapa, fundi."

Alitaka nifundishe darasa lake. Nikasema nitauliza nyumbani, ingawa nyumbani hakuna wa kuulizwa ila mke wangu, na yeye alicheka mpaka akaweka chini kisu cha kumenyea viazi. Anauza chipsi kando ya barabara, viazi vya Burnt Forest, vinono. Tangu siku hiyo jina langu likawa Profesa. Profesa, gunia hili halitajibeba. Profesa, chai inapoa.

Mpango wa Mwalimu ulikuwa hivi. Watoto ishirini na wanne, kila mmoja apewe ubao aandike neno moja la shule, kama JIKONI au OFISI, bila kufundishwa lolote. Halafu mimi niwafundishe Ijumaa sita. Halafu waandike neno lile lile tena kwenye ubao mwingine. Ule wa kwanza na ule wa mwisho zikae pamoja, na watahini kutoka chuo waje waone kwa macho kama mtoto aliyeanza na mkono wake amejifunza kupanga herufi kabla hajagusa kompyuta. Msimamizi wake chuoni hakuwa anaamini. Alisema watoto wa siku hizi waanze na kompyuta tu. Nisimwonee, ana hoja, maana bango la kuchapishwa sasa hivi linatoka kabla sijamaliza kukoroga rangi. Lakini Mwalimu alikuwa ameongezewa muda mara moja tayari, na barua ya chuo ilisema hapangekuwa na mara ya pili. Miaka mitatu ya kusoma ilikuwa inategemea zile mbao.

Ijumaa ya kwanza nilikaa nyuma ya darasa. Nilikuwa nimekatazwa kusema kitu. Naomba mtu anielewe, kumketisha fundi wa mabango mahali watoto ishirini na wanne wanaanza na herufi ya kwanza, na kumwambia anyamaze, ni kama kumfunga mpishi mikono sufuria ikifurika. Nikajishughulisha na daftari. Mwalimu alikuwa ameniambia mwishoni ataniuliza nani ameendelea zaidi, na niliogopa kuwapendelea wale watakaocheka mizaha yangu. Kwa hiyo nikanakili kila ubao kwenye viboksi, kila herufi inapoanzia na inapoishia. Nilinakili mbao ishirini na mbili. Mbili za mwisho sikuzifikia, kwa sababu mteja wa mtaa wa Elgon View alipiga simu akitaka geti lake liandikwe MBWA MKALI kabla wageni wa jioni hawajafika. Nikaenda. Mbwa sikumwona. Sisemi hakuwepo.

Chini ya ukurasa wa siku hiyo nimeandika: "Mwalimu anataka zile mbaya zikae pamoja na zile nzuri." Kwa hiyo niliambiwa. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Masomo yenyewe yalikuwa raha. Nilitoa watoto uwanjani nikawafanya herufi. Mtoto akitanua mikono ni M, akiibana ni I. Tukiandika MAKTABA, T anasimama kwanza peke yake, halafu wengine wanatafuta nafasi zao kushoto na kulia, wanasukumana, wanahesabu, mmoja analia kwamba yeye kila siku ni I. JIKONI ina herufi sita, haina wa katikati, tukaweka jiwe. Msichana mmoja akauliza lile jiwe linasomwaje. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu alicheka, akaliandika hilo swali kwenye karatasi zake, na Ijumaa iliyofuata akawaambia darasa zima kwamba nafasi tupu nayo ni mchoro, inapangwa kama herufi. Mimi miaka yote hii nilikuwa najua hivyo kwa mkono lakini sikuwahi kujua kwa mdomo. Jioni ile nilirudi kwa kinyozi nikapaka upya pembeni ya jina lake, nikaacha weupe zaidi. Yeye akauliza kama rangi ilikuwa imeniishia.

Msimamizi alikuja mara moja kuona somo. Nitamrudia.

Watoto wakaandika mbao za mwisho, na zilikuwa nzuri kweli. Sio kamili. Nzuri. Basi stoo ya shule ikaanza kuvuja, Mwalimu akaniomba zikae kibandani kwangu, mafungu mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mpaka Alhamisi watahini watakapokuja.

Jumanne sikuwa na kazi. Nikafungua fungu la mbao za kwanza, kuangalia tu.

Jameni. Nilikuwa nimesahau zilivyokuwa. OFISI ambayo S yake imelala. JIKONI iliyoanza na J kubwa kama mtu na kuishia na I kama kiberiti. Nikawaza wale watu wa chuo, na tai zao, wakisimama mbele ya hizi. Kwetu mgeni akija, kiti kibovu kinapelekwa nyuma ya nyumba na meza inapanguswa. Hakuna anayesema huo ni uongo. Ni heshima tu kwa mgeni, na kwa mwenye nyumba pia. Sasa Mwalimu, mtu aliyekaa na mimi kwa adabu wiki zote hizo, aaibike mbele ya wageni na mimi nina rangi na nina siku nzima?

Nikachukua rangi nyeupe nikafunika zilizobanwa, zikakauka juani, nikaziandika upya, katikati kwanza. Niliheshimu rangi ya kila mtoto, na sikuzifanya nzuri kupita kiasi. Nilijali hata hilo. Kufikia saa kumi nilikuwa nimemaliza kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa MAKTABA, ile ambayo BA ya mwisho inapanda pembeni ya ubao kama mbuzi wawili kwenye kilima. Nikaiweka juu ya fungu niianze asubuhi.

Jumatano asubuhi Mwalimu akaja mapema kuliko tulivyopatana. Zile kumi na moja nilikuwa nimezining'iniza ukutani, na mimi nimesimama kando yake na tabasamu. Daftari linasema "tabasamu", sijaongeza.

Alizitazama moja moja. Halafu akakaa juu ya debe la rangi bila kuangalia kama lina kifuniko. Lilikuwa nacho, Mungu ni mwema.

"Fundi," akasema, "hizo mbaya ndizo zilikuwa shahidi wangu."

Nikasema sikutaka aaibike.

"Sasa itaonekana watoto walijua kabla hawajafundishwa. Itaonekana hukufanya kitu. Na mimi sikufanya kitu."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nilichukua kitambaa na thina ya kuyeyushia rangi nikajaribu kwenye kona ya ubao mmoja, rangi yangu ikatoka, na ile ya mtoto chini yake ikatoka nayo, ile kona ikabaki tupu. Nikauliza kama kuna picha. Alikuwa na picha za simu, lakini watoto wameinua mbao wakicheka, vidole vimefunika herufi nusu. Ndipo nikasema neno ambalo ninalionea aibu mpaka leo, kwamba tuwaombe wale watoto kumi na mmoja waandike vibaya tena.

"Huo ni uongo, fundi," akasema. "Na hata hawawezi. Si umewafundisha?"

Hapo alitabasamu kidogo, na mimi nikajisikia vibaya zaidi.

Mke wangu alikuwa ameleta chai, amesimama mlangoni na chupa. Alisikiliza mpaka akaelewa. Kisha akasema, "Na lile daftari lako la kuniandika mimi, halina kitu?"

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalitoa mfukoni. Tukakaa watatu, Mwalimu akilinganisha viboksi na mbao, mke wangu akimimina chai na kusoma chini ya kurasa kwa jicho moja. Mbao kumi na moja, na tisa zilikuwemo, herufi kwa herufi, inchi kwa inchi. Mbili hazikuwemo, zile za siku ya Elgon View. Bahati yangu mbaya ilikuwa imeziweka hizo hizo ndani ya zile kumi na moja.

Mwalimu akalifunga daftari. Akasema atawaambia watahini kila kitu kabla hawajauliza, na daftari litakaa mezani. Nikasema sawa, nitakata sehemu ya chini nimpe viboksi peke yake.

"Ukikata chini, watasema umekata na juu," akasema. "Likae zima au lisikae."

Nikalifungua tena. Chini ya kurasa hizo niliandika mambo yasiyo ya wageni. Niliandika, "Viazi vya leo vina chumvi ya wiki nzima." Mke wangu alikuwa ameshaufikia huo ukurasa na alikuwa anakunywa chai yake taratibu sana. Niliandika, "Sijui kama ninafundisha au ninapiga kelele tu." Na kuhusu msimamizi, siku alipokuja, niliandika, "Anaongea kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Lakini viatu vyake vina matope, kwa hiyo alitembea. Tumpe hiyo."

"Likae zima," nikasema. Mke wangu akasema na yeye anakubali, viazi vile kweli vilizidi chumvi, ila tutaongea.

Alhamisi watahini walikuja watatu, msimamizi akiwa mmoja wao. Ukumbi wa shule ulikuwa umepangwa vizuri, mbao za kwanza upande wa kushoto, za mwisho kulia, na zile kumi na moja kwenye meza ya kando pamoja na daftari. Mwalimu alianza na hiyo meza. Aliwaambia yaliyotokea bila kunipamba na bila kunisukumia lawama. Alisema alikuwa ameniambia sababu ya kuziweka lakini hakuhakikisha nimeelewa, na mwalimu asiyehakikisha hajafundisha. Hapo hakuwa sawa, mimi nilielewa kwa sikio, ni mkono tu haukuelewa. Niliinua mkono kusema hivyo, akaniashiria niushushe.

Msimamizi akanigeukia. Akauliza kama ni mimi niliyezirekebisha. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini.

"Wageni walikuwa wanakuja," nikasema.

Mama mmoja kati ya watahini aliangalia dirishani na mabega yake yakatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka au anakohoa. Nimeandika yote mawili.

Wakafanya kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Walichukua rula, wakaacha kwanza zile tisa, wakaanza na zile mbao kumi na tatu ambazo sikuzigusa. Hizo zilikuwepo kwa macho na zilikuwepo pia kwenye daftari. Wakapima ubao, wakahesabu viboksi, mmoja baada ya mwingine, kuona kama mkono wangu unanakili kweli au unapendezesha. Mimi nilisimama pale nikijishuku. Huwa sijiamini nikipimwa. Kumi na mbili zilikuwa sawa. Kwa moja nilikuwa nimesogeza herufi nusu boksi, na walipoipata nikasema ndiyo, hiyo nimekosea, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tukaambiwa tungoje nje. Mwalimu alisimama kwenye jua, hakutaka kukaa. Mke wangu alikuwa amefunga biashara kwa saa moja akaja na chipsi kwenye karatasi, akamwambia ale, hazina chumvi nyingi. Alikula mbili, akashika ya tatu mkononi mpaka ikapoa.

Walipotuita, msimamizi ndiye aliyesema. Tasnifu imekubaliwa. Mbao mbili zisizo na kumbukumbu ziondolewe kwenye hesabu na ielezwe kwa nini. Na aongeze kurasa chache kuhusu fundi ambaye hawezi kuona herufi mbaya akaiacha, kwa sababu, alisema, na hayo nayaandika kama alivyoyasema, "Huyu ametuonyesha kitu ambacho wewe hukukitafuta." Mwalimu alisema asante. Halafu akatoka nje, akamkumbatia mke wangu, sio mimi, na hiyo ni haki.

Msimamizi alinirudishia daftari mwenyewe. Kidole chake kilikuwa ndani ya ukurasa.

"Ni stesheni gani hizo mbili?" akaniuliza.

Nikasema, "Sikukaa karibu vya kutosha, Daktari."

Akasema siku nyingine nikae mbele. Kisha akaangalia viatu vyake, akasema asante kwa hilo la matope, na akaenda zake. Nimejaribu kumwona kuwa mtu mbaya na nimeshindwa.

Mwalimu alivaa joho lake la kuhitimu na tukaletewa picha. Yuko katikati, watu wake wamejipanga pande zote mbili, sawa kabisa. Sijui kama walipangwa hivyo au ni macho yangu.

Zile mbao za mwisho zilipigiliwa milangoni shuleni, isipokuwa mlango mmoja. Kwenye maktaba Mwalimu alipigilia ile MAKTABA ya kwanza, ya mbuzi wawili, ile niliyoiweka juu ya fungu Jumanne ile. Alisema kila anayeingia kusoma aone mtu huanzia wapi. Ijumaa naenda kufundisha darasa jipya, na njia ya kufika darasani inapita mbele ya mlango ule. BA bado inapanda kilima. Napita nikiwa nimetia mikono yote miwili mfukoni, na brashi nimemwachia Mwalimu ofisini.